Tamko la maadili la kanisa la Kibaptisti: "karibu wote" tuiandikeje isibaki bango la ukutani?

KaraniManyatta (Kisumu)

Shalom wapendwa. Kamati yetu ya watu saba imepewa hadi mkutano mkuu wa washiriki wa Novemba iwe imeandika tamko la maadili. Ni kanisa la Kibaptisti hapa Kisumu, washiriki 140 hivi kwenye daftari, ibada moja ya Kiswahili, ingawa mahubiri huteleza kwenda Dholuo mhubiri akishika moto. Nguzo tatu zimeshakubaliwa: kukaribisha watu, uhuru wa kumtafuta Mungu kwa maswali, na haki. Rasimu ya kwanza ni ukurasa mmoja wa maneno matamu. Mzee mmoja wa kamati akauliza: tukishaipitisha, Jumapili inayofuata ni kitu gani kitakuwa tofauti? Hakuna aliyemjibu.

Tumekwama hapa:

1. "Karibu wote" ifike wapi? Kuna wanaoishi pamoja bila harusi ya kanisani, waliobatizwa wakiwa wachanga, na wenye wake wawili. Vijana nao wameuliza waziwazi kuhusu wapenzi wa jinsia moja.
2. Baadhi ya mashemasi wanaona nguzo ya maswali ni mlango wa mafundisho potofu.
3. Haki tuianzie wapi bila mimbari kugeuka jukwaa la siasa?

Naomba majibu ya vitendo. Mahubiri tunayo ya kutosha.

---

Mwl_Katiba (Nakuru)

Karani, neno "wote" ndilo linaloponza matamko mengi. Kukaribishwa kuna ngazi, na kila ngazi ni swali lake: kuketi ibadani, kushiriki meza ya Bwana, kuandikwa mshiriki, kuhudumu (kwaya, shule ya Jumapili, sadaka), kuongoza. Chukueni karatasi kubwa ya manila. Juu andikeni hizo ngazi tano, kushoto andikeni makundi yote mliyoyataja na mengine mnayoyajua. Jazeni kila kisanduku: ndiyo, hapana, au kwa sharti gani. Visanduku mtakavyoshindwa kujaza ndivyo ambavyo leo vinaamuliwa na shemasi mmoja kulingana na alivyoamka. Tamko liandikwe baada ya karatasi hiyo kujaa.

Kwa waliobatizwa wachanga, Wabaptisti wamebishana tangu karne ya 17. John Bunyan wa Bedford alitetea kwamba ubatizo wa maji usiwe ukuta wa kuwatenga waumini na meza. Wenzake wengi wakampinga. Siku hizi njia ni tatu. Ya kwanza, meza na ushirika vyote ni vya waliozamishwa tu. Ya pili, meza ni ya kila amwaminiye Kristo, lakini daftari la washiriki ni la waliobatizwa kwa maji mengi. Ya tatu, anayetoka Anglikana au Katoliki anapokelewa kwa ushuhuda wake wa imani, na akitaka maji mengi hakatazwi. Kwa mji kama Kisumu ambako nyumba moja ina Mkatoliki, Msabato na mtu wa kanisa la Roho, ya kwanza itawapa kazi kila mwezi. Mimi naegemea ya tatu, lakini ya pili ndiyo hupita kwa kura nyingi.

Wanaoishi pamoja: angalieni kwanza kinachowazuia ni nini. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila, na inataka iandikishwe. Kwa hiyo mume na mke ambao wazee walikutana na ng'ombe wakapelekwa, serikali inawahesabu wameoana, kanisa linawahesabu wazinzi. Mkitaka ndoa ya Kikristo, sheria inadai tangazo la angalau siku 21, mashahidi wawili, na mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa. Haitaji hema, keki, wala magari manne. Kama kizuizi ni gharama ya sherehe, andikeni kwamba kanisa litafungisha ndoa mwishoni mwa ibada ya kawaida bila ada, chai ya kanisa iwe ndiyo karamu. Kosa linalotokea ni kutangaza "harusi ya pamoja" kwa mbwembwe hadi wanandoa wa miaka ishirini wanaaibika mbele ya wajukuu. Itangazwe kama sheria inavyotaka, lakini bila vipaza sauti.

Wake wawili: mke wa pili na watoto wake hawakuandika mkataba huo peke yao. Kuna makanisa yanayomnyima mume uongozi na kuwaacha wake mezani. Kuna yanayofanya kinyume, mume anapiga magoti kwenye meza na mke mdogo yuko nje. Hilo la pili kawaambieni wanakamati walitetee kwa mdomo wao wenyewe, kikao kitakuwa kifupi.

Na la vijana. Wabaptisti wa Marekani walilipitia: tangu 1993 kuna chama chao, Association of Welcoming and Affirming Baptists, na jina lenyewe linatenganisha mambo mawili, kumkaribisha mtu na kumkubali alivyo katika ngazi zote. Makanisa mengine ya Kibaptisti huko yanapinga vikali. Huku kwetu Mahakama Kuu ilikataa Mei 2019 kufuta vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoadhibu ngono ya jinsia moja. Vifungu hivyo vinahusu tendo. Havimkatazi mtu kuketi ibadani, kuombewa wala kuzikwa. Kwa hiyo hata kanisa lisilokubaliana lolote zaidi linaweza kuandika kwa dhati: hakuna atakayetajwa kwa jina wala kwa fumbo mimbarini, hakuna atakayefukuzwa ibadani, siri aliyomwambia mchungaji haifiki kwa wazazi wala kwa chifu. Kama hamko tayari kwenda mbali ya hapo, msiandike "wote katika kila jambo". Kijana atakayeliamini neno hilo na kuja kugundua mstari mdogo uliofichwa ataumia kuliko yule mliyemwambia ukweli mlangoni.

---

nyar_Dunga (Kisumu)

Ndugu Karani, Mwalimu amesema ya karatasi. Niseme ya mlangoni, kwa sababu mgeni hasomi tamko, anasoma viti.

Angalia Jumapili ijayo: mbele kuna viti vya plastiki vilivyovikwa vitambaa vyeupe, au sofa, nyuma ni fomu za mbao. Mwenye gari anaongozwa mbele, mama aliyekuja kwa miguu kutoka Obunga anaonyeshwa fomu. Yakobo 2 inalieleza jambo hili mpaka na maneno ya mkaribishaji. Toeni vitambaa, changanyeni viti, na mkaribishaji awe na kanuni moja: anayefika anapewa nafasi iliyo karibu na mlango iliyo wazi. Mchungaji wa kanisa jirani pia.

"Wageni wasimame watuambie jina na wanakotoka." Liacheni. Kwa mtu aliyekimbia ndoa yenye ngumi, au aliyetoka jela ya Kodiaga juzi, hicho ni kizimba. Wekeni meza ndogo ya chai mlangoni, kikaratasi chenye nafasi ya jina na simu, na mstari "napenda kutembelewa: ndiyo / la / bado". Hiyo "bado" ina kazi kubwa.

Lugha: matangazo yote kwa Kiswahili, na mhubiri akiingia Dholuo awepo mkalimani aliyesimama tayari. Asitafutwe katikati ya mahubiri. Utani wa makabila ukatwe kabisa, hata ule mnaouona mtamu. Waluhya, Wakisii na Wanubi wa mjini wanacheka nao, kisha hawarudi.

Sadaka ya kupita mbele safu kwa safu inamuanika asiye na kitu. Kikapu kikae mlangoni, na nambari ya M-Pesa ibandikwe ukutani. Harambee ikifanyika, msisome majina na kiasi.

Maombi: msitume kwenye kundi la WhatsApp "tumwombee dada fulani ana ugonjwa fulani." Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 habari za afya ni data nyeti, na mwenyewe hajakuruhusu. Andikeni "mshiriki mmoja anaomba tumkumbuke". Mungu anamjua.

Ngazi za saruji: kama mlango una vidato vitatu vya sentimita 15, jumla ni 45. Mteremko salama wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, maana yake njia iwe na urefu wa mita 5.4. Wengi hujenga mita mbili kwa sababu ndiyo nafasi iliyopo, kisha kiti kinasukumwa na wanaume watatu kama gari lililokwama. Nafasi ikiwa finyu, njia ipinde pembeni mwa ukuta. Upana mita 1.2, mbele ya mlango pawe na sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, mlango usipungue sentimita 90. Msipige niru, inateleza mvua ikinyesha. Fundi aikwaruze kwa ufagio saruji ikiwa bado mbichi. Choo ndicho husahaulika. Mtu akishindwa kuingia chooni ataacha kunywa maji asubuhi ili aje kanisani, na hatalalamika.

Ubatizo nao ni ukaribisho. Ziwani kuna gugu maji, viboko, na zaidi kichocho, kwa sababu konokono wanaokieneza wanakaa kwenye maji ya ufukweni yenye majani, palepale watu wanaposimama wakiimba. Jengeni birika la mita 2.5 kwa 1.2. Mkijaza maji hadi sentimita 90 ni lita 2,700, yaani mitungi 135 ya lita 20. Maji ya mfereji yanatosha. Yakiwa ya ziwani, yachujwe konokono, yafunikwe na kukaa saa 48 bila kuongezwa mengine. Viluwiluwi vya kichocho hufa humo. Ngazi ya kushukia iwe na mshikio wa chuma pande zote mbili. Mzee asiyeweza kusimama anabatizwa akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, wawili wanamlaza na kumwinua pamoja nacho. Toboeni kikalio kwanza, maji yapite.

---

Shemasi_Kakamega

Nimesoma yote, ya mteremko na birika naunga mkono. Lakini hii nguzo ya pili mnaipita haraka. Kanisa si kijiwe. Ukimpa kila mtu maiki aseme anavyoona, baada ya mwaka mmoja una vikundi vinne na mtume mmoja aliyejitangaza. Tumeona mwaka 2023 huko Shakahola, walikokufa mamia ya waumini kwa kufunga, mtu mmoja "akitafuta" anaweza kufikisha wengine wapi. Naomba mtu anionyeshe mipaka, maana Karani hajaitaja.

---

Alhamisi_Jioni (Kisumu)

Mzee wangu Shemasi, hofu yako ina msingi, lakini Shakahola ulikuwa mfano wa mahali ambapo kuuliza kulikatazwa. Kiongozi mmoja ndiye alikuwa na jibu, na aliyehoji alikuwa adui. Darasa la maswali ni chanjo ya hilo.

Na kwa Mbaptisti hili si jambo la kuletwa na mitandao. Mwaka 1609 John Smyth na Thomas Helwys waliunda kusanyiko lao Amsterdam kwa sababu Uingereza ilikuwa inawaamulia watu imani. Helwys akarudi kwao, na mwaka 1612 akaandika kwamba mfalme hana mamlaka juu ya dhamiri, na uhuru huo akautaja kuwa ni wa Waislamu na Wayahudi pia. Akafungwa gereza la Newgate, na huko hakutoka hai. Roger Williams naye alifukuzwa Massachusetts na mwaka 1636 akaanzisha Providence kama mji usiolazimisha dini. Uhuru wa roho, ndivyo Wabaptisti wanavyouita. Kifungu cha 32 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema jambo lilelile kwa lugha ya sheria.

Mipaka uliyoomba. Darasa liwe siku ya kazi jioni, dakika 90, si Jumapili badala ya mahubiri. Watu nane hadi kumi na wawili. Wakizidi, gaweni, kwa sababu kwenye ishirini wanaongea wanne. Maswali yaandikwe bila jina wiki moja kabla, yatupwe kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Viongozi wawili, mmoja wao asiwe mchungaji, na mmoja wao awe mwanamke, la sivyo maswali ya ndoa hayataandikwa. Dakika kumi kusoma kifungu kizima, si aya moja iliyokatwa. Dakika 25 ni kile maandishi yanachosema. Dakika 40 ni makanisa mbalimbali yamekielewa vipi, pamoja na yale msiyokubaliana nayo. Zilizobaki ni kimya na maombi.

Kanuni zisomwe kila mara: hakuna anayetabiri juu ya mwenzake, hakuna anayemwambia mtu aache dawa, iwe ya kisukari, ya shinikizo au ARV, na hakuna anayechangisha pesa humo. Kiongozi akisema "sijui" anaandika swali daftarini na kulirudia wiki inayofuata. Wakianza kutafuta jibu moja la kufunga kila mjadala, darasa limekufa, limekuwa mahubiri ya pili. Wakianza kuja wale watatu wanaopenda ubishi na wengine wakapungua, rudisheni kopo: swali lisiloandikwa halijadiliwi siku hiyo.

Anayeuliza kama Mungu yupo asiondolewe kwaya kwa sababu ya swali. Hilo liandikwe kwenye tamko kwa maneno hayohayo. Nikodemo alikuja usiku na hakuambiwa arudi akishaamini.

---

Wakili_Kijijini (Siaya)

Nijibu la tatu. Wabaptisti na haki wana historia ya pande mbili. Mwaka 1845 wale wa kusini mwa Marekani walijitenga wakitetea wamiliki wa watumwa, na hadi 1995 ndipo walipoomba radhi. Mwaka 1961 huko Cincinnati ikazaliwa Progressive National Baptist Convention, iliyosimama na Martin Luther King Jr. Kwa hiyo jina la Kibaptisti peke yake halikupi haki. Chagueni jambo moja, mlifanye miaka miwili.

Kwa Kisumu na Siaya ningechagua ardhi ya wajane. Inaharibikia hapa: mume anafariki, mjane anaenda mahakamani, kumbe shamba bado liko kwa jina la baba mkwe aliyekufa zamani. Inabidi urithi wa baba mkwe ufunguliwe kwanza, na hapo mashemeji wote wanaingia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ili kujua shamba limeandikwa nani. Ndipo barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote. Wote ni pamoja na mabinti walioolewa. Wakiachwa, yeyote mwenye maslahi anaweza kuomba hati ya usimamizi ibatilishwe, na kazi ya mwaka mzima inaanza upya. Ombi likishaingia kortini linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na pingamizi linasubiriwa siku 30. Kwa kawaida hati inathibitishwa baada ya miezi sita. Katika muda huo, anayeuza au kukata shamba la marehemu bila hati anatenda kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na mara nyingi kumwonyesha shemeji kifungu hicho mbele ya chifu kunatosha kumtuliza.

Kanisa lifanye nini? Lisiwe wakili. Liwe na watu wawili wa kumsindikiza mjane kila safari, kibeti cha nauli na fotokopi, na faili moja yenye nakala za kila karatasi inayokaa mbali na nyumba yake, kwa sababu karatasi huchomwa. FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi Kisumu. Bajeti ikatwe kabla ya matumizi mengine: kama sadaka ya wiki ni shilingi 18,000, asilimia 5 ni 900, kwa mwaka 46,800. Si nyingi, lakini inalipa nauli nyingi za Bondo.

Kipigo cha nyumbani kisisuluhishwe na mashemasi. Nambari 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, 116 ni ya watoto, zibandikwe chooni, mahali ambapo mtu anasoma akiwa peke yake.

Mkitaka kufika kaunti, fuateni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Makanisa mengi huja na barua Juni, chungu kimeshaepuliwa. Mkihitaji hati ya mradi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Mkiandamana, polisi wa kituo wapewe taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Ni taarifa. Msiandike "tunaomba ruhusa", maana mkishaomba mtanyimwa.

---

KaraniManyatta

Asanteni sana. Manila imenunuliwa. Mawili yamebaki: mwanasiasa akija na bahasha, na kura ipigwe vipi?

---

Mwl_Katiba

Bahasha: hakuna mwanasiasa anayepewa mimbari, awe amebatizwa kwenu au la, na mchango wake unapita njia ileile ya M-Pesa bila kutangazwa. Wengi wakisikia haitatangazwa hawaji tena, na suala limeisha. Tangu maandamano ya Juni 2024 vijana wanalitazama hili kuliko mahubiri.

Kura: rasimu ibandikwe wiki mbili kabla, isomwe mikutano miwili, kura ya kwanza iwe ya maoni tu. Pigeni nguzo kwa nguzo, na ngazi za ukaribisho kisanduku kwa kisanduku, kwa karatasi za siri. Mkipiga kura moja ya "ndiyo kwa tamko lote" wapinzani wa kisanduku kimoja wataangusha birika la nyar Dunga pia. Hesabuni akidi kabla ya kuomba, siyo baada. Na kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama na mnagusa katiba yenyewe, Msajili wa Vyama lazima akubali mabadiliko kabla hayajaanza kutumika. Angalieni kwanza kama usajili ni wenu au wa mwavuli wa dhehebu, kwa sababu hapo ndipo mtajua barua inatoka kwa nani.

---

nyar_Dunga

Na mkipiga kura ya birika, orodhesheni pia bomba la kutolea maji chini. Mafundi hulisahau, na mitungi 135 haichotwi kwa kikombe.